Mwongozo Kamili wa Kusoma Kazi za Gati na Kupiga Picha za Feri na Meli katika Ghuba ya Winam

Wengi wanaokwenda Mbita au Kisumu kupiga picha za meli hurudi na picha zinazofanana: chombo kimesimama gatini, jua la saa sita liko utosini, na nusu ya rampu, yaani bamba la kupandishia na kushushia magari, imefichwa na matatu iliyoegeshwa vibaya. Tatizo hilo haliletwi na kamera. Linaletwa na kufika gatini bila kujua kazi ya hapo inavyokwenda, gari lipi huingia kwanza, kamba ipi hufunguliwa mwisho, na nahodha atakigeuza chombo upande upi. Mwongozo huu ni wa mpenzi wa meli anayeishi Kisumu, Nakuru, Homa Bay au Siaya, au anayepitia huko. Unaanza na mahali, unafuata jua na upepo, unakaa kwa muda kwenye kazi ya gati yenyewe, na kamera inakuja baadaye.

Hatua ya kwanza: kuchagua mahali

Ghuba ya Winam, ule mkono wa Ziwa Victoria unaoingia nchi kavu hadi Kisumu, ina sehemu mbili zinazofaa shughuli hii, nazo hazifanani hata kidogo. Ya kwanza ni kivuko kilicho kwenye mdomo wa ghuba, kati ya Luanda K'Otieno upande wa Siaya na Mbita upande wa Homa Bay. Feri za hapo hubeba abiria wa miguu, pikipiki, magari madogo na malori, na ziwa likiwa tulivu safari ya kuvuka haizidi saa moja hivi. Ukitazama ramani utaelewa mara moja kwa nini watu huipenda njia hiyo, kwa sababu dereva asiyevuka hulazimika kuizunguka ghuba nzima kupitia Kisumu, Ahero, Katito, Kendu Bay na Homa Bay. Sehemu ya pili ni Bandari ya Kisumu, yenye meli kubwa za mizigo, na ambako mtu haingii kwa kununua tiketi.

Anza na kivuko. Pale wewe ni abiria kama abiria wengine, unaweza kukitazama chombo kikija, ukakipanda, ukashuka upande wa pili na kukitazama tena kikiondoka, na yale yaliyokuponyoka asubuhi ukayatafuta tena mchana. Ukitoka Kisumu, fuata barabara ya Bondo hadi Ndori, kisha ukate kushoto kuelekea Luanda K'Otieno. Anayetoka Nakuru kwa njia ya Kericho hana haja ya kufika Kisumu mjini, kwani anaweza kuiacha njia kuu pale Ahero, akashuka Katito, Kendu Bay na Homa Bay hadi Mbita, akavuka, na kurudi kwa upande wa Siaya. Kwa maoni yangu mzunguko huo ndio bora kuliko yote, kwa kuwa unakupa gati zote mbili katika siku moja bila kurudia barabara.

Hatua ya pili: kulisoma jua na upepo

Huku tuko karibu kabisa na ikweta, kwa hiyo jua halichelewi wala haliwahi sana mwaka mzima. Kwa Kisumu, hutoka kati ya saa 12:20 na saa 12:50 asubuhi, na huzama kati ya saa 12:30 na saa 1:00 jioni. Hupanda haraka na hushuka haraka. Mwanga laini unaofaa kwa chuma kilichopakwa rangi nyeupe hudumu takriban saa moja unusu baada ya jua kuchomoza, na vivyo hivyo kabla ya kuzama. Kati ya saa tano na saa tisa mchana jua huwa juu mno, kivuli cha sitaha (sakafu ya chombo) huanguka juu ya ubavu, na hewa inayopanda kutoka kwenye maji yenye joto huifanya picha ya mbali itetemeke, hata kama lenzi yako ni ya bei ghali.

Jambo ambalo wengi hulisahau ni kwamba jua la adhuhuri hubadilisha upande kulingana na miezi. Luanda K'Otieno iko kaskazini mwa Mbita. Kuanzia mwishoni mwa Machi hadi mwishoni mwa Septemba jua la mchana huwa upande wa kaskazini, na kuanzia hapo hadi Machi huwa upande wa kusini. Kwa hiyo mwezi Juni, aliyesimama Mbita akiitazama feri inayokuja hupigwa na jua usoni wakati wa mchana, ilhali mwenzake aliye Luanda K'Otieno analo mgongoni. Mwezi Desemba mambo hugeuka. Asubuhi na jioni tofauti hiyo haina uzito, maana mwanga hutoka mashariki au magharibi na huupiga ubavu wa chombo kinachovuka kutoka kusini kwenda kaskazini, jambo ambalo ni zuri mno kwa mpiga picha. Asubuhi tafuta mahali pa kusimama mashariki mwa njia ya feri, na jioni uhamie magharibi mwake.

Upepo nao una ratiba yake. Kwa siku nyingi ziwa hutulia asubuhi, kisha baada ya adhuhuri upepo huanza kuvuma kutoka ziwani kwenda nchi kavu na mawimbi huongezeka, na mawingu ya mvua hujikusanya alasiri, hasa katika mvua za Machi hadi Mei na zile fupi za mwisho wa mwaka. Anayetaka taswira ya chombo kwenye maji matulivu afike alfajiri. Anayetaka omo, yaani mbele ya chombo, ikipasua mawimbi na maji yakiruka juu ya rampu asubiri alasiri, lakini aifunike kamera yake kabla ya matone ya kwanza.

Upepo huohuo ndio unaosukuma gugumaji. Tabaka la gugumaji linaweza kuwa mbali jioni na asubuhi likawa limeziba gati lote. Feri inayopenya humo hupunguza mwendo, na mara nyingine hurudi nyuma kidogo na kusonga mbele tena ili kujikwamua, kwani mimea ikishika rafadha (panga linalokisukuma chombo) au ikiziba mahali injini inapovutia maji ya kupozea, safari hukwama. Kwa msafiri hiyo ni kero. Kwa mpiga picha, mstari wa maji meusi unaobaki nyuma ya chombo katikati ya kijani kibichi ni zawadi, nao hauonekani vizuri isipokuwa kutoka mahali palipoinuka.

Hatua ya tatu: kufika mapema na kujitambulisha

Fika gatini walau saa moja kabla ya feri unayoitaka. Ratiba zilizobandikwa ziangalie, lakini uliza pia kwa wakata tiketi na kwa waendesha boda boda, ambao hujua kabla ya mtu mwingine kama chombo kimoja kiko kwenye matengenezo siku hiyo. Kisha, kabla ya kutoa kamera, nenda kwa msimamizi wa gati au kwa baharia aliye karibu na rampu useme wazi: "Habari ya kazi, mkubwa. Mimi napenda meli, naomba ruhusa nipige picha za feri ikiingia na ikitoka. Nisimame wapi nisiwazuie?" Swali hilo la mwisho ndilo linalofungua milango. Anayeuliza mahali pa kusimama ameshaonyesha kuwa anaiheshimu kazi, na mara nyingi ataonyeshwa mahali pazuri kuliko alivyodhania. Ukikataliwa, shukuru, weka kamera mfukoni, na uitazame kazi kwa macho tu, kwa sababu hata hilo lina faida yake.

Watu waombe pia. Wachuuzi wa samaki, wachukuzi na abiria si mapambo ya picha yako. Tahadhari kubwa zaidi ni siku za mwisho wa wiki, ambapo misafara ya mazishi hupita kivukoni, gari lenye jeneza likiwa mbele na matatu za waombolezaji nyuma. Shusha kamera hadi msafara upite wote. Hakuna picha ya feri inayostahili kuwaudhi wafiwa.

Hatua ya nne: kuisoma kazi ya gati

Hapa ndipo panapostahili muda wako mwingi. Feri inayofika hufuata mfululizo wa matendo ambao haubadiliki sana, na ukishaujua unaweza kuiinua kamera kabla ya tendo badala ya baada yake.

Kwanza angalia umbo la chombo. Je, kina rampu upande mmoja au pande zote mbili? Chenye rampu mbili huingia kwa omo na kuondoka kwa tezi, yaani upande wa nyuma, bila kugeuka, kwa hiyo utauona ubavu wake kwa muda mfupi tu. Chenye rampu moja ya mbele hulazimika kurudi nyuma kutoka gatini, kikafika kwenye maji ya kutosha, kisha kikageuka. Mgeuko huo ndio nafasi yako ya kukipiga ubavu mzima, jina likisomeka. Nahodha hupenda kuutumia upepo umsaidie kugeuka badala ya kupigana nao, hivyo ukitazama bendera na moshi unaotoka dohani (bomba la moshi) utabashiri upande atakaougeuzia.

Pili, usikilize mwendo wa injini. Feri inapokaribia, sauti hushuka, chombo huteleza kwa mwendo kiliokuwa nao, kisha sauti hupanda ghafla wakati rafadha inaporudishwa nyuma ili kukifunga mwendo. Wakati huohuo maji hububujika kahawia kwenye tezi, kwa sababu kina ni kifupi na matope yanavurugwa. Rampu huanza kushuka kabla chombo hakijatulia kabisa. Baharia husimama pembeni mwake akiwa ameshika kamba iliyokunjwa mkononi, akiangalia ukingo wa rampu badala ya kuwaangalia abiria, na mdomo wa rampu unapogusa zege au changarawe ndipo anapoinua mkono. Mkono huo ukiinuliwa, magari huwasha injini. Sekunde chache kabla yake ndizo zenye picha: rampu ingali hewani, uso wa baharia umekazwa, na abiria nyuma yake wamekwisha kubeba mizigo yao.

Tatu, fuatilia namna mzigo unavyopangwa. Lori zito huwekwa karibu na mstari wa katikati ya sitaha ili chombo kisiinamie upande mmoja, magari madogo hupangwa pembeni kusawazisha, na pikipiki hujaza nafasi zinazobaki. Lori linapopanda rampu utaona omo ikizama kidogo kisha ikainuka gari linaposogea ndani. Msimamizi wa upakiaji huwaongoza madereva kwa ishara za mikono akirudi nyuma hatua kwa hatua, kisha kabari za mbao huingizwa chini ya magurudumu. Picha ya kabari ikipigwa teke chini ya tairi la lori la soda inaeleza kazi ya feri kuliko picha kumi za machweo.

Angalia pia tarakimu zilizopakwa kwenye omo na tezi karibu na maji. Pale zinapotumia vipimo vya mita, kila tarakimu ina kimo cha sentimita 10, na maji yanapogusa sehemu ya chini ya tarakimu ndipo unaposoma kina ambacho chombo kimezama. Zipige kabla ya kupakia na baada ya kupakia, ukiwa umesimama palepale. Picha hizo mbili zikiwekwa pamoja zinaonyesha uzito wa mzigo bila maneno.

Usishangae ukikuta gati haliko kama lilivyo kwenye picha za zamani. Mwaka 2020 kiwango cha Ziwa Victoria kilipanda hadi kuipita kidogo rekodi ya mwaka 1964, na maji yakameza fukwe na gati kadhaa kandokando ya ghuba. Mahali pa kutua hubadilika ziwa linapopanda na kushuka, na anayeweka kumbukumbu za mabadiliko hayo kwa picha anafanya kazi yenye thamani kuliko anavyodhani.

Hatua ya tano: kupiga

Kamera yoyote inafaa, hata ya simu. Kwa simu, epuka kukuza kwa vidole, kwa kuwa hapo picha hukatwa tu na kupoteza ubora. Tumia lenzi ya mbali ya simu ikiwa ipo, au subiri chombo kikaribie. Kwa kamera kubwa, lenzi ya milimita 24 hadi 70 inatosha gatini, na ya 70 hadi 200 inatosha kwa chombo kilicho njiani.

Ukiwa nchi kavu, feri huenda taratibu na kasi ya shata, yaani muda ambao kamera hupokea mwanga, ya 1/250 ya sekunde inatosha. Ukiwa ndani ya chombo kinachotikiswa na injini panda hadi 1/500 au zaidi, na usiegemeze kamera kwenye reli ya chuma, kwa maana mtetemo hupita moja kwa moja hadi kwenye lenzi. Tundu la lenzi likiwekwa f/8 hukupa ukali kuanzia omo hadi tezi. Ubavu mweupe juu ya maji yanayong'aa huidanganya kamera iifanye picha kuwa nyeusi kuliko ilivyo, kwa hiyo ongeza mwangaza kidogo kwa makusudi, kisha ukague kama rangi nyeupe bado ina maumbo ndani yake. Kichujio cha polaraizi huondoa mng'ao wa maji na kuionyesha rangi halisi ya gugumaji, ila hupunguza mwanga, kwa hiyo kivue jioni. Na mstari wa maji unyooshe. Ziwa lililoinama ndilo kosa linaloonekana upesi kuliko yote.

Piga chombo kizima kwanza, kukiwa na nafasi mbele ya omo kwa ajili ya mwendo, kisha ndipo utafute vipande: jina, dohani, fundo la kamba, mkono kwenye usukani ikiwa nahodha amekukaribisha juu.

Usivue viatu ukaingia majini kutafuta pembe ya chini. Kichocho kipo katika fukwe hizi, na mahali pengine kuna viboko. Ukiwa ndani ya feri vaa jaketi okozi, kamera iwe na mkanda shingoni, na usisimame kwenye rampu wala kuegemea mnyororo wake, hata kama wengine wanafanya hivyo. Jioni, ukiona wadudu wadogo wa ziwani wakipanda juu ya maji kama moshi, funika lenzi na usiibadilishe hapo, kwa sababu huvutwa na taa na hujaa kila penye uwazi.

Hatua ya sita: Bandari ya Kisumu

Kisumu ni habari nyingine. Reli kutoka Mombasa ilifika hapa mwaka 1901, mji ukiitwa Port Florence, na tangu hapo meli nyingi za ziwa zimeletwa vipande vipande kwa treni na kuunganishwa papa hapa. MV Victoria, iliyoanza kazi mwaka 1961 na ambayo baadaye ikawa ya Mwanza na Bukoba, iliunganishwa Kisumu. Vivyo hivyo MV Uhuru na MV Umoja, meli za kubeba mabehewa zilizotengenezwa Glasgow miaka ya 1960. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977 meli ziligawanywa kati ya nchi, ndiyo maana Uhuru ni ya Kenya na Umoja ilikwenda Tanzania. Sasa ipo pia MV Uhuru II, yenye urefu wa mita 100, iliyojengwa katika karakana ya Kenya Shipyards Limited.

Upakiaji wa meli ya mabehewa ni tamasha kwa anayeelewa. Meli huja kwa tezi hadi kwenye daraja lenye reli linaloweza kupanda na kushuka kulingana na kimo cha maji, reli za nchi kavu zinalinganishwa na zile za sitaha, kisha kichwa cha treni husukuma mabehewa ndani kwa mafungu, upande mmoja halafu mwingine, ili meli isilale.

Lakini bandari ni eneo la ulinzi, na karakana iko chini ya Wizara ya Ulinzi. Usipige picha langoni, wala kupitia uzio, wala kwenye gati la mafuta. Andika barua mapema kwa Mamlaka ya Bandari ya Kenya, na kwa Shirika la Reli ikiwa shabaha yako ni MV Uhuru, ukitaja jina lako, nambari ya kitambulisho, tarehe, vifaa na matumizi ya picha. Ukikubaliwa, nenda na viatu vya kufunika vidole na kizibao kinachong'aa. Ndege isiyo na rubani isahau: inahitaji usajili na kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga, na uwanja wa ndege wa Kisumu uko ufukweni, karibu mno na bandari.

Asiye na barua atumie fukwe za Hippo Point au Dunga, karibu na mji, ambako meli inayoingia au kutoka huonekana kwa mbali. Asubuhi jua huwa mgongoni na rangi za meli husomeka. Jioni jua huzama majini mbele yako, na utapata kivuli cheusi cha meli juu ya ziwa la dhahabu, picha ambayo kila mtu anayo, ingawa sikulaumu ukiitaka. Programu za kufuatilia meli kwa intaneti husaidia kiasi, lakini mitambo ya kupokea mawimbi hayo kando ya ziwa ni michache, hivyo meli kutoonekana kwenye simu si uthibitisho kwamba haipo. Meli zikionekana, nambari zao za utambulisho hutaja nchi: 634 mwanzoni ni Kenya, 675 ni Uganda, 674 au 677 ni Tanzania.

Hatua ya saba: kuhifadhi

Siku hiyohiyo, kabla ya kulala, kila picha ipe maelezo: jina la chombo kama lilivyoandikwa ubavuni, mahali, tarehe, saa, upande uliopigwa, kilikotoka na kinakokwenda, na mzigo ulioonekana. Andika pia rangi, maana chombo kikipakwa upya mwaka unaofuata, rangi ndiyo itakayotofautisha picha ya kabla na ya baada. Weka nakala mbili katika vifaa viwili tofauti. Picha zinazoonyesha nyuso za watu au vizuizi vya usalama zibaki kwako. Zile za mabaharia watumie wenyewe kwa simu wiki hiyohiyo, zikiwa na ukubwa wa kutosha kuchapishwa, na siku utakaporudi nao ndio watakaokuambia ni feri ipi imekwenda kwenye matengenezo na lini itarudi majini.